Kumuaga Mtunza Ghala

Msiba wenyewe ulianza kwa simu, Jumanne saa tatu na nusu asubuhi, na ifahamike mapema kwamba hakuna mtu aliyekuwa amekufa.

"Tunataka ratiba za kumuaga mtunza ghala wetu," ilisema sauti ya katibu muhtasi wa ofisi fulani ya serikali, sauti ya mtu anayeongea huku anatafuna. "Nakala mia mbili. Ijumaa saa nne ziwe zimeshafika ukumbini."

Kijana aliyepokea simu akavua kofia, ingawa mle katika duka la kuchapa hakukuwa na wa kumwona ila printa.

"Poleni sana, mama."

"Ahsante. Ndiyo hivyo, zamu yake imefika. Sote njia yetu ni hiyo hiyo."

"Alikuwa na umri gani?"

"Sitini kamili. Ametutumikia miaka thelathini na minne, hakuchelewa, hakupoteza hata msumari. Kwa kweli anatuachia pengo."

"Ilikuwa ghafla?"

"Ghafla wapi! Tulijua tangu mwaka jana. Yeye mwenyewe alikuwa na tarehe."

Kijana akatikisa kichwa. Ugonjwa gani huu, akawaza, unaompa mtu tarehe? Lakini hakuuliza. Kuuliza maradhi ya marehemu kwa simu ni utovu wa adabu.

"Ameacha mjane?"

"Mkewe alitangulia mwaka juzi. Watoto wako mbali, hawatawahi."

"Basi anakwenda kupumzika."

"Apumzike tu, amechoka mno. Sasa sikiliza, ukurasa mmoja, upande mmoja, bajeti imebana. Weka picha, weka sifa mbili tatu. Usijaze maneno. Watu wanataka waseme yao, wale, waondoke. Picha nakurushia sasa hivi."

Simu ikakatwa. Kijana mwingine yeyote, mwenye akili zinazotembea barabara kuu, angempigia tena yule mama na kuuliza swali moja dogo. Lakini huyu alikuwa Tanzia.

Jina hilo hakupewa na mzazi. Mzazi gani huyo? Alipewa mtaani, kwa sababu ya kasha la viatu lililokuwa chini ya kitanda chake. Watu wengine hukusanya stempu, wengine hukusanya madeni. Yeye alikusanya ratiba za mazishi. Aliziokota kwenye viti vya kumbi, kwenye nyua, hata mtaroni baada ya mvua, akazianika kama dagaa na kuzihifadhi kwa mpangilio wa miaka. Alizisoma kama wenzake wanavyosoma matokeo ya mpira. Na baada ya miaka minne ya usomi huo aligundua kwamba wafu wana lugha yao. Marehemu aliyekuwa "mcheshi na mpenda watu" alikuwa mlevi. "Mwenye msimamo" maana yake hakusemeshana na ndugu zake. "Hakupenda makuu" maana yake hakuwa na kitu. Kila Desemba, yeye na dada yake mdogo wa kidato cha pili walikaa kitandani kwa heshima zote na kutoa Tuzo ya Uongo Bora wa Mwaka. Mwaka uliopita ilikwenda kwa familia moja iliyoandika kwamba baba yao "alisafiri sana kikazi," na mtaa mzima ulijua alikuwa gerezani.

Ndoto ya Tanzia, na kila mtu ana yake, ilikuwa kuandika siku moja ratiba isiyo na uongo hata mmoja.

Picha ilipofika akaikuza kwenye kompyuta. Mzee mwembamba, ametazama mbele kama anayesubiri hukumu, kama watumishi wote wanavyopigwa picha za faili. Shati jeupe. Kifungo cha juu kimeshonwa kwa uzi mweupe. Cha pili kwa uzi mwekundu.

Tanzia akautazama ule uzi kwa muda mrefu. Kisha akaandika bila kufuta:

"Hakuchelewa kazini. Hakupoteza hata msumari. Mkewe alipotangulia, alishona vifungo vyake mwenyewe, na hakumwambia mtu. Ametangulia naye, nasi tu nyuma yake."

Akaweka mshumaa pembeni, njiwa juu, na mpaka mweusi kuzunguka ukurasa. Alipomaliza alijisikia kama seremala aliyekaa kwenye kiti chake mwenyewe na kiti kisilie.

Mwenye duka aliitwa Kopi, kwa kuwa alianza maisha na mashine moja ya fotokopi. Alikuja jioni, akashika rula, akapima pambizo za juu, za chini na za kando. Maneno hakuyasoma. Maneno, alisema siku zote, ni mali ya mteja.

"Pambizo safi," akasema. "Ijumaa upeleke mwenyewe. Na ukirudi upite mezani kwangu."

Tanzia alijua kilichokuwa mezani. Ijumaa ndiyo ilitimiza miezi mitatu ya majaribio, na barua ya ajira alikuwa ameichapa mwenyewe, imebaki sahihi na muhuri tu. Barua ingeleta kadi ya bima. Kadi ingebeba mzazi mmoja. Na mzazi mmoja, aliyekuwa ndiye pekee, alikuwa na presha ya macho: jicho la kushoto limekwisha, la kulia limejaa ukungu. "Kilichokwenda hakirudi," daktari alikuwa amesema, akiandika huku hamtazami mtu. "Tukipasua mapema tutaokoa kilichobaki. Mna kadi?"

Tanzia alikuwa amemjibu: "Inakuja."

*

Ukumbi ulikuwa na maputo.

Tanzia aliyaona, akawaza kwamba siku hizi misiba imeendelea. Alikuwa amevaa shati la samawati, limenyooshwa alfajiri na mama yake, ambaye alipiga pasi ya mkaa kwa kupapasa na kidole cha shahada kilichojaa alama za moto. Akasimama mlangoni, kichwa kimeinama, boksi miguuni, akawa anatoa nakala kwa mikono miwili.

"Poleni. Poleni sana."

"Tumeshapoa," alijibu mwanamume mmoja mnene bila kusimama, na huo ndio ushahidi kwamba adabu ikizidi haimwamshi mtu.

Walioketi wakaanza kusoma. Kimya kilianzia safu ya mbele, kikarudi nyuma safu kwa safu, kama maji yanayopanda ndani ya nyumba. Muziki ukazimwa. Mtu mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Mwanamke fulani akasema, "Mungu wangu, lini?"

Ndipo akaingia mzee mwembamba mwenye koti la kuazima na ua kifuani. Tanzia, kwa mazoea ya mlango, akampa nakala.

"Pole sana, mzee," akasema. Kisha akainua macho.

Shati lilikuwa lile lile, na uzi ule ule.

Alikuwa Mtunza Ghala mwenyewe. Aliisoma ile karatasi akiwa amesimama, midomo ikitembea kidogo, na alipofika mstari fulani mkono wake ukapanda wenyewe hadi kwenye kifungo cha pili. Hakumaliza. Mkurugenzi wa ofisi ile alikuwa ameshafika, akamnyang'anya karatasi mkononi kwa heshima kubwa, akimwita "mheshimiwa" na kumpa mgongo.

"Nani kaleta uchuro huu?"

Katibu muhtasi alimfikia Tanzia kabla hajapata pa kukimbilia. "Nilikwambia kumuaga!"

"Ndiyo, mama. Kumuaga!"

"Kumuaga! Siyo kumzika!"

"Hukusema anastaafu."

"Na wewe hukusema una wazimu!"

Na hapo lazima haki itendeke: lugha yetu, kwa ukarimu wake, imewapa mstaafu na maiti kitenzi kimoja wagawane. Wote huagwa, wote huenda kupumzika, wote huacha pengo. Tofauti ni kwamba mmoja hupewa saa ya ukutani. Lakini katika ukumbi ule hakuna aliyetaka somo la lugha. Walimpa Tanzia dakika tano azikusanye karatasi zote, safu kwa safu, akiomba samahani kwenye magoti ya watu, na wengine walizishikilia kidogo ili avute.

*

Kopi hakupiga kelele. Angepiga kelele kungekuwa na matumaini.

"Mkurugenzi kanipigia," akasema. "Kazi zao zote wamehamisha. Mitihani, fomu, kalenda. Zote."

"Bosi, ni neno moja tu."

"Hata 'moto' ni neno moja."

"Wewe mwenyewe ulipima, bosi. Ulisema safi."

"Nilipima pambizo! Pambizo zilikuwa safi!" Kopi akafungua droo. Akaitoa barua ya ajira, akaitazama upande ulioandikwa, kisha upande mtupu. Alikuwa mtu asiyependa kupoteza karatasi. Akaiweka kwenye kikatio, akaikata vipande vinne vilivyo sawa, akavipanga karibu na simu kwa ajili ya kuandikia namba.

Tanzia alitazama jina lake likilala juu ya kipande cha pili.

"Na nusu mshahara wangu uliobaki?"

"Ule pale." Kopi akaonyesha boksi kwa kidevu. "Mia mbili, rangi kamili. Umeziharibu wewe, ni zako. Mimi siwezi kumuuza mtu aliyekufa naye yuko hai."

*

Nyumbani kwao kulikuwa na vyumba viwili na kibaraza. Kibarazani ndipo mama yake alipouzia karanga za kukaanga, kwenye sinia, akizifunga kwa koni za karatasi alizosokota bila kutazama. Alimjua mwanawe kwa viatu.

"Umerudi mapema, baba."

"Leo wametupa ruhusa."

"Na barua?"

Ifahamike kwamba Tanzia alikuwa na nia ya kusema kweli. Aliiandaa njia nzima, aliifikisha hadi kwenye ngazi. Lakini mama alikuwa amesimamisha mikono, na uso wake alikuwa ameugeuza kidogo kulia, upande wa jicho lililobaki, kama mtu anayesubiri kupigwa picha.

"Mwenye muhuri amesafiri," akasema.

"Atarudi lini?"

"Wiki ijayo."

"Si kitu. Tumengoja miezi mitatu, wiki itatushinda?"

Uongo Bora wa Mwaka, akawaza Tanzia, na Desemba bado iko mbali.

"Umebeba nini?"

"Karatasi, mama. Walizidisha nakala. Nikasema zitakufaa kwa karanga."

Mama akapapasa boksi, akatoa moja, akaisugua kwa vidole. "Nzito hii! Karatasi ya watu wenye hadhi. Magazeti yamekuwa ghali mpaka nilitaka nianze kuwamiminia watu viganjani." Akamwita binti yake. "Hebu njoo unisomee, tusije tukafungia karanga maneno ya Mungu."

Dada mdogo akaja, kalamu sikioni. Akasoma kwa sauti ya darasani, na alipofika kwenye vifungo sauti ikapungua.

"Masikini," mama akasema. "Alishona vifungo vyake mwenyewe. Mwanamume! Tena hakumwambia mtu. Watu wema ndio wanaokwenda, sisi tunabaki tunauza karanga." Akainamisha kichwa kwa heshima ya marehemu, kisha akasokota koni ya kwanza.

Dada alimfuata kaka yake chumbani.

"Zimezidi mia mbili? Kwani waliagiza ngapi, tatu?"

"Kasome."

"Kaka, msiba uliahirishwa?"

"Nimesema kasome!"

Akaenda. Lakini mlangoni aligeuka, akamtazama kwa jicho la jaji wa tuzo.

*

Kwa wiki nzima Tanzia alitoka kila asubuhi saa moja na nusu, kwa shati lililonyooshwa, kwenda kazini ambako hakukuwepo.

Aliingia kila duka la kuchapa lililokuwa na mlango. La kwanza, mwenye duka alimtazama, akapiga meza. "Wewe ndiye uliyemzika mtu anatembea? Ngoja!" Akamwita mkewe aje amwone, mke akamwita jirani. Kazi hakupewa, ila alipewa kiti na akaombwa asimulie tangu mwanzo. La pili walimpa jaribio: achape kurasa ishirini na tano bila kosa. Alichapa hadi saa tisa, kosa hata moja hakuna, na mwenye duka akamwambia, "Tutakupigia." Alipokuwa anatoka akakutana na mwanafunzi wa chuo mlangoni akiuliza kama kazi yake ya kurasa ishirini na tano iko tayari. La tatu walikuwa na kibao: ATUNA NAFAZI, nacho kilikuwa na makosa mawili ya tahajia. Aliwaambia. Hawakushukuru.

Jioni alirudi na uchovu wa kweli, na hilo lilisaidia. Mama alimuuliza habari za kazi, naye akajibu "nzuri," na "mwenye muhuri bado." Mara moja alimkuta amekaa na shati lake mapajani, anapitisha kidole kwenye kola.

"Imenyooka?" mama akauliza. "Siku hizi sioni mikunjo. Nisije nikakuaibisha mbele ya bosi wako."

"Imenyooka, mama."

Kulikuwa na alama ya pasi mgongoni, ya kahawia, kubwa kama jani la mwembe. Tanzia alikuwa amelivaa hivyo siku tatu.

*

Jumamosi, saa nne asubuhi, alikuwa uani anajaza ndoo aliposikia mama yake akimkaribisha mteja.

"Karibu, baba. Koni ndogo au kubwa?"

"Nipe hiyo yenye uso," ikasema sauti ya mzee, ya taratibu.

"Zote zina uso, baba yangu. Huyo ni marehemu. Tunamfungia karanga kila siku, Mungu atusamehe, lakini karatasi yake nzuri, haipenyezi mafuta."

"Ninaona."

"Alikuwa mtu mwema sana. Hakuchelewa kazini. Hakupoteza hata msumari. Mkewe alipotangulia alishona vifungo vyake mwenyewe, na hakumwambia mtu. Nimeshika yote kichwani, binti yangu alinisomea. Wewe ulimjua?"

"Kidogo," mteja akasema.

"Alikufa na nini?"

Mteja akaigeuza koni mkononi.

"Alistaafu," mteja akasema.

Ndoo ikafurika, maji yakamwagika miguuni kwa Tanzia. Kuna ukuta nyuma ya ua, na kwa kijana mwenye miguu mirefu haukuwa mrefu. Aliutazama. Kisha akafunga bomba, akapita katikati ya nyumba, akatokea kibarazani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Mtunza Ghala alikuwa amekaa kwenye ngazi, koni mkononi, uso wake mwenyewe umekunjwa na kidevu kimekaa mahali pa sikio. Bila koti alionekana mdogo zaidi. "Kumbe ni hapa. Nilinunua karanga stendi kwa mwanamke mmoja, nikajikuta najitazama. Akaniambia koni ananunua huku. Nimekutafuta wiki nzima, kijana. Nilikwenda dukani kwenu. Wakaniambia hupo tangu siku ile."

Mikono ya mama iliendelea kusokota koni. Ilimaliza moja, ikaanza nyingine.

"Hayuko wapi?" akauliza. "Siku ile ipi?"

Dada mdogo alikuwa ametokea mlangoni na daftari lake, akasimama pale pale.

"Wewe ni nani, baba?" mama akauliza.

"Mimi ndiye marehemu, mama."

Mama akainua ile karatasi, akaileta karibu kabisa na jicho la kulia, mpaka pua ikagusa. Kisha akamgeuzia mzee uso, akaurudisha kwenye karatasi. Alikuwa anatafuta ufanano, na hakuupata, kwa sababu vyote viwili vilikuwa ukungu.

"Nilikosea neno, mama," Tanzia akasema. "Walisema kumuaga. Kopi akanifukuza siku hiyo hiyo. Ile barua aliikata."

"Na asubuhi? Nikikunyooshea shati, ulikuwa unakwenda wapi?"

"Kutafuta kazi."

"Umeipata?"

"Bado."

"Mimi nilijua," dada akasema polepole.

"Ulijua ukanyamaza?" mama akamwuliza, lakini bila ukali. Ukali unataka nguvu.

Tanzia akamgeukia Mtunza Ghala. Lilikuwa limemjia wazo, na wazo lilipomjia lilimwaibisha, lakini hakuweza kulifukuza: huyu ni mtu wa miaka thelathini na minne serikalini. Mtu kama huyu ana watu. "Mzee, labda ungesema neno kwa Kopi. Wewe ukisema huna kinyongo..."

"Nilisema." Mtunza Ghala akaiweka koni chini. "Nilimwambia, mimi ndiye niliyeandikwa, na sikuudhika. Akaniambia ana wateja. Nikaenda ofisini kwangu, nimwone Mkurugenzi, nikuombee hata kibarua cha kuhesabu magunia. Getini wakanipa daftari nisaini." Akacheka kidogo, kwa pua. "Geti lile kufuli lake nilinunua mimi. Kwenye safu ya cheo yule mlinzi akaniandikia 'mgeni.' Nikangoja hadi saa nane. Nikarudi nyumbani."

"Basi umefuata nini kwetu, baba?" mama akauliza. Halikuwa swali baya. Alitaka kujua tu.

Mzee akajikuna goti. "Nilitaka moja safi. Ile waliyonipa walininyang'anya sijamaliza. Pale ukumbini walisoma hotuba, mama. Ndefu. Kwa makosa walimsifu mtunza ghala aliyekuwapo kabla yangu, ilikuwa hotuba yake ya zamani, jina walilibadilisha juu tu. Kisha wakanipa saa ya ukutani." Akamtazama Tanzia. "Ule uzi. Uliuonaje?"

"Kwenye picha. Niliikuza."

"Mweupe uliisha. Kwenye kopo la marehemu mke wangu ulibaki mwekundu. Miaka miwili nimekwenda nao kazini, nimekaa nao kwenye vikao. Hakuna aliyeuliza."

Hakukuwa na iliyobaki safi. Mia na zaidi zilikuwa zimeshaliwa mtaani, na nyingine zilikuwa koni ndani ya koni, zimelala kwenye beseni kama pembe. Tanzia akaingia chumbani, akavuta kasha la viatu, akatoa nakala aliyokuwa ameihifadhi mwenyewe, ya mwisho kwenye mwaka huu. Ndiyo ratiba pekee katika kasha lote isiyokuwa na uongo, ukiacha ule mdogo wa kifo. Akampa mzee kwa mikono miwili, kama mlangoni.

Safari hii Mtunza Ghala aliisoma hadi mwisho. Akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati.

"Nitaiweka ndani ya ile saa, nyuma," akasema. "Siku yenyewe ikifika, wataiona wakija kuichukua."

Akataka kulipa karanga. Mama akakataa pesa ya marehemu. Wakabishana kidogo, mzee akashindwa, akaondoka na koni mbili, akishuka ngazi upande upande kama mtu asiyejua ni saa ngapi anatakiwa kufika popote.

*

Jua lilikuwa limeshahama sinia. Mama hakuhama nalo.

"Kwa hiyo kadi haipo," akasema.

"Nitapata kazi nyingine, mama. Kuna duka moja—"

"Nimeuliza kadi."

"Haipo."

Akatikisa kichwa taratibu, mara nyingi, kama anayekubaliana na mtu wa mbali. "Asubuhi nilimwaga chai pembeni ya kikombe," akasema. "Nikadhani kikombe ndicho kimehama." Akanyoosha mkono kwenye beseni, akachukua koni moja, akaifungua, akailaza mapajani kwa upande usioandikwa. Akaipigapiga ikakaa sawa. "Haya. Andika."

"Niandike nini?"

"Wewe si fundi wa kuaga watu? Niandikie ratiba."

"Mama, usiseme hivyo!" dada akalia.

"Nyamaza, sijasema nakufa. Nani awauzie watu karanga? Macho. Yaandikie macho yangu. Yamenitumikia miaka arobaini na saba, nayo hayatapewa saa." Midomo ilitaka kucheka, ikashindwa njiani. "Ila herufi kubwa. Nataka niisome mwenyewe, yakiwa bado yapo."

Kalamu ya dada ilikuwa nyembamba mno. Tanzia akaifungua pasi, akatoa kipande cha mkaa baridi, akapiga magoti mbele ya mama yake. Akafikiri. Katika maisha yake yote hakuwahi kukosa neno la kumwekea marehemu. Mwishowe akaandika, kwa herufi za urefu wa kidole:

YALIKUWA MAWILI.

Mama akainua karatasi hadi kwenye jicho la kulia. Akaizungusha kidogo kutafuta mwanga. Wote wawili walimtazama akihangaika nayo, kutoka kushoto, kisha kutoka kulia, kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba kwa nje.

"Umeandika?"

"Nimeandika, mama."

"Kubwa zaidi."

Akafungua koni nyingine. Akaandika YALIKUWA peke yake, limejaa ukurasa.

"Kubwa zaidi, baba."

Akafungua nyingine. Herufi moja, Y, mkaa ukavunjikia kwenye mguu wake. Mama akaileta karibu, akaishikilia pale, pumzi yake ikiitikisa karatasi, na masizi yakamwachia alama puani.

"Hii naiona," akasema. "Haya, endelea. Moja moja."

Dada mdogo akakaa sakafuni, akavuta beseni, akaanza kuzifungua koni zote.